Ncha ya Pili ya Chandarua

Nilikatiwa tiketi kuingia kwetu. Kijana wa langoni, mpole kweli, alinivalisha jaketi la uokozi la rangi ya machungwa na kuniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kuliona Ziwa Kivu. Nikamwambia ndiyo. Ningeanzia wapi, rafiki yangu, kumweleza kwamba katika ghuba hii ndogo chini ya mji wa Kamembe nilichubuka magoti kabla mama yake hajaolewa? Nikaketi kwenye benchi na watalii, nikisubiri boti. Mara ikanijia harufu ya sambaza, vile vidagaa vyetu, wakikaangwa kwa mawese.

Nililelewa na bibi. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye, katika nyumba ya vyumba viwili. Adhana ya alfajiri ikishakwisha, zilianza kelele za wachuuzi wakiteremka mpakani kwenda Bukavu, na bibi alikuwa ameshaanika sambaza wake uani. Wakubwa aliwanunua kwa wavuvi. Wadogo tuliwavua wenyewe, kwenye matete ya ghuba hii.

Tulivulia chandarua. Ndiyo, kile cha mbu, tulichogawiwa kwenye kituo cha afya. Bibi alisema mbu wa Kamembe wamekwisha kumzoea, haoni sababu ya kuwafungia mlango. Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Yeye alishika ncha moja, mimi nyingine, maji yakinifika kifuani, tukatembea polepole kuelekea nchi kavu. Kisha tulipanda juu ya mwamba mpana kukikamua, yeye akisokota kulia, mimi kushoto. Alinitania kwamba nasokota kwa woga kama mtu anayekama mbuzi wa jirani. Jioni alikaanga, na ule ukoko wa sambaza walioshikana chini ya sufuria ulikuwa wangu. Hata mgeni aje na heshima zake, hakuupata.

Kila mwaka ziwa hufungwa kwa muda ili samaki wazaane. Mitumbwi ilivutwa nchi kavu, na nyimbo za wapiga makasia zikanyamaza. Mwaka mmoja wavuvi wa kwetu wakaongeza la kwao: ghuba hii isivuliwe kabisa, mwaka mzima, maana ndani ya matete ndimo samaki wanamotaga. Bibi alilielewa jambo hilo kwa namna yake.

“Bamefunga ziwa juu ya mitumbwi,” alisema. “Sisi hatuna mutumbwi.”

Tukaendelea.

Sasa sikia nilichokifanya. Mwalimu wetu kule shuleni Gihundwe alichora ubaoni yai la samaki, kubwa kama papai, akatueleza jinsi ziwa linavyokwisha kidogo kidogo. Akauliza kama kuna anayemjua mtu anayevua kwenye matete kwa chandarua. Nilipenda mno kusifiwa na mwalimu yule. Mkono ulipanda kabla akili haijafika. “Bibi yangu,” nilisema, “na mimi ndiye ninayemshikia.” Darasa zima likacheka. Mwalimu hakucheka. Alisema nimefanya vema, niketi.

Siku mbili baadaye, mchana kweupe, wazee watatu wa ushirika wa wavuvi wakasimama uani kwetu, majirani wakitazama.

“Maman, tuletee ile chandarua,” mmoja alisema kwa adabu.

Bibi alikitoa mwenyewe chini ya kitanda. “Nani amebaambia?”

Mzee akakuna kichwa. “Muntu wa mu nyumba yako.”

Na nyumba yenyewe ilikuwa na watu wawili tu. Walikikatakata kwa kisu palepale. Walipoondoka, bibi aliokota vipande, akafagia uani, kisha akaniita nikale. “Kuya ukule.”

Tangu siku ile hakunitania tena. Ukoko aliniwekea kama kawaida, ila aliusukuma mbele yangu huku akitazama pembeni. Ningefurahi kama angenichapa. Nikakua hivyo, mimi na yeye tukila sahani moja bila kutazamana. Nikaenda Kigali kusoma, nikabaki huko kufanya kazi, na safari za kurudi zikapungua. Bibi alifariki asubuhi, akazikwa kabla ya alasiri kama ilivyo kwetu. Basi langu lilifika jioni.

Boti ilipoingia ghubani kijana alizima injini, akatuonyesha matete. Maji yalichemka kwa samaki wachanga, wengi ajabu. Aliwaeleza watalii kwamba wakazi wenyewe ndio walioilinda ghuba hii, na kwamba tiketi zao zinawalipa walinzi. Watalii wakapiga makofi. Mimi nilibana mikono mapajani.

Tuliposhuka nikaifuata ile harufu. Aliyekuwa akikaanga ni jirani yetu wa zamani, mama ambaye nyumba yake ilipakana na yetu. Alinitambua kwa mwendo, akanikumbatia na mwiko mkononi.

“Bibi yako njo alikuwa mulinzi wa kwanza hapa,” alisema. “Kila asubuhi anakuya, anafukuza batoto benye kuvua. Hakuna mwenye alimutuma.”

Nikamuuliza nililokuwa nimelibeba miaka yote, kama bibi aliwahi kunisamehe. Akaacha kukoroga.

“Akusamehe nini? Alikuwa anasikia haya, mama. Aliniambia, ‘Mutoto nilimufundisha wizi, sasa nitamuangalia mu macho namna gani?’”

Alinikwangulia ukoko wa sufuria, akaufunga katika karatasi. Nikaenda kuula kwenye ule mwamba wetu, peke yangu, nikilia waziwazi bila kujali nani ananiona. Kumbe tulioneana haya miaka yote ile, kila mmoja akidhani yeye ndiye aliyekosa. Neno moja tu lingetosha, na jioni zilikuwa nyingi. Samaki wamerudi, rafiki yangu. Mtu wa kumpelekea habari hiyo sina.

Kitenge changu kilikuwa kimelowa kwenye boti. Nikakivua, nikaanza kukikamua, nikisokota kushoto kama zamani. Ncha ya pili haikuwa na wa kuishika, ikazunguka tu, na maji hayakutoka.