Siku Vernell Gaddis Alipofutiwa Kosa

Vernell Gaddis alipanda mabasi mawili kutoka mashariki ya Detroit hadi magharibi, ili aibu yake isionwe na mtu anayemfahamu.

Wiki iliyotangulia mawakili wa kujitolea walikuja kanisani kwake mwenyewe. Walipanga meza katika chumba cha chini, wakachemsha kahawa, wakangoja watu wenye makosa ya zamani waje wasaidiwe kuyafuta mahakamani, bila malipo. Mchungaji akawatangaza ibadani. "Kama kuna mtu humu ana jambo la zamani linalomsumbua, ashuke chini. Hakuna atakayemcheka." Kanisa zima likatazama viatu. Hakushuka mtu. Mawakili wakanywa kahawa yao wenyewe, wakakunja meza. Ila waliacha neno kwamba Jumamosi watakuwa katika kanisa jingine, kule magharibi. Vernell alilisikia hilo akiwa anavaa koti, akaendelea kuvaa koti.

Kosa lake lilikuwa la ujana. Binamu yake alivunja duka la redio, Vernell akabeba masanduku. Alifungwa, akatoka, akapata kazi ya kufua mashuka ya hospitali, na tangu hapo hakuiba hata usingizi. Hakuoa. Kanisani hawakujua kitu, maana alijiunga nao baada ya kifungo na hakuna aliyewahi kumuuliza. Ukitaka kujua Vernell ni nani, watakwambia ni yule mrefu, mkimya, anayekaa nyuma na kuondoka kabla ya chakula.

Kilichomtoa kitandani ni mama yake. Mama Mozelle alipigwa na kiharusi, mkono wa kushoto ukafa. Alikuwa anaishi katika jengo la wazee, na jengo lile lilikuwa na sheria yake: mwenye kosa la jinai haruhusiwi kulala humo. Mchana anaruhusiwa kuja, jioni atoke. Vernell alikuja kila siku baada ya kazi, akampikia, akamvisha nguo za kulalia jua likiwa bado lipo, akaenda zake. Mpaka Bi Prewitt, msimamizi wa jengo, akamwita ofisini.

"Mama yako hawezi tena kulala peke yake," alisema, wala hakuwa mkali. "Theluji ikiisha na hajapata mtu wa kuishi naye, itabidi apelekwe nyumba ya kutunzia wazee."

"Nitaishi naye mimi."

"Jina lako tukilikagua kwenye rekodi za polisi linarudi na kosa, Bwana Gaddis. Tulishalijaribu."

Nyumba hiyo ya kutunzia wazee ilikuwa nje kabisa ya mji, basi halifiki. Vernell akasema sawa. Alikuwa mtu wa kusema sawa. Ndani yake palikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: unajua upo, lakini ukiufinya hausemi kitu.

Basi Jumamosi ile alishuka ngazi za kanisa geni, akafungua mlango, na mtu wa kwanza kumwona alikuwa Dada Earlene Stallworth. Huyu ndiye mkuu wa wahudumu wa mlangoni katika kanisa lake Vernell, mama anayeweza kumnyamazisha mtoto kwa jicho tu kutoka upande wa pili wa ukumbi. Alikuwa amekaa kwenye foleni ya viti, mkoba magotini.

"Ndugu Gaddis," alisema.

"Dada Stallworth."

"Nimemsindikiza mpwa wangu."

Vernell akatazama huku na huku. "Yuko wapi?"

"Hajafika. Na wewe?"

"Mimi nilikuwa napita."

"Unapita! Kutoka mashariki, na baridi hii! Ulikuwa unapita kwenda Chicago?"

Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa tena. Akaingia mzee mwenye miwani myeusi na kofia iliyoshuka mpaka puani, akawaona, akageuka kutoka.

"Shemasi Tibbs!" Dada Earlene akamwita. "Rudi, na uvue kofia, upo kanisani."

Shemasi akarudi, akavua kofia. Akaketi viti viwili mbali nao, akasema kwa sauti ndogo, "Bwana asifiwe."

"Asifiwe milele," alisema Dada Earlene. "Tumebakiza mpiga kinanda tu, tuanze ibada."

Shemasi akacheka mpaka akaficha uso kwenye kofia. Mwanamke mwingine wa foleni ile, hata hawamjui, naye akacheka. Vernell aliona kwamba ni jambo la kuchekesha. Alisubiri kicheko kije, hakikuja.

Wakili aliyempata alikuwa binti kutoka mji jirani wa Dearborn, aitwaye Rima Saab, siku za kazi akisimamia kesi za matajiri, Jumamosi akikaa hapa. Alimsikiliza Vernell akieleza masanduku ya redio kwa sauti ileile ambayo mtu angetumia kueleza njia ya kwenda posta.

"Kosa hili linafutika," alisema. "Lakini hakimu atataka kujua umeishije tangu wakati ule. Umefanya nini miaka yote, Bwana Gaddis?"

"Kufua mashuka."

"Na kingine?"

Vernell akafikiri. "Kulala."

Wakili hakucheka. "Nahitaji mtu mmoja anayekujua aje aseme mbele ya hakimu kwamba wewe ni mtu mwema. Jirani. Mtu wa kanisani."

"Kanisani hawajui kama nilifungwa."

Alipokwisha kusema hivyo akageuka bila kutaka, akatazama foleni. Dada Earlene alikuwa anamtazama. Alikuwa amesikia yote, chumba chenyewe kidogo.

"Sikusikia kitu," alisema. "Siku gani hiyo mahakamani?"

Siku ilipofika Dada Earlene alikuja na sare yake nyeupe ya uhudumu, glavu nyeupe na beji kifuani, kana kwamba mahakama nayo ina mlango wa kusimamia. Shemasi Tibbs hakuja. Alimwambia Vernell mgongo unamuuma, na Vernell akasema sawa.

Mwendesha mashtaka alisema hana pingamizi. Hakimu akamwuliza Dada Earlene anamfahamu vipi mwombaji.

"Mheshimiwa, mimi ndiye ninayemwonyesha pa kukaa. Kila Jumapili anakaa palepale. Hasinzii kwenye mahubiri, na mahubiri yetu marefu, Mungu anisamehe. Yeyote akiacha mwavuli, yeye ndiye anayeurudisha. Zaidi ya hapo hajanipa nafasi ya kumjua, na hilo nitamsema tukitoka nje."

Watu wakacheka kidogo. Hakimu akamgeukia Vernell. "Kwa nini unataka kosa hili lifutwe?"

Wakili Rima alikuwa amemfundisha la kusema: kujuta, kubadilika, kuitumikia jamii. Vernell alisimama, maneno yote akawa kama nguo za mtu mwingine. Wakili akamgusa mkono.

"Mama yangu hawezi kufunga vifungo vyake," alisema.

Hakimu alingoja kama kuna lingine. Halikuwepo. Akasema ombi limekubaliwa, wakaita jina la mtu mwingine.

Huko nje koridoni Wakili Rima alimshika mikono, machozi yakimlenga, kisha akakimbilia mteja wake wa pili. Dada Earlene akavua glavu.

"Lia basi kidogo, mwanamume. Nimepiga pasi sare kwa ajili yako."

"Sijisikii kitu, Dada. Labda kesho."

"Labda." Akazikunja glavu, akazitia mkobani. "Langu limeshindikana. Wameniambia lile ni la aina isiyofutika, nitazikwa nalo."

Vernell akasema, "Nikusindikize kituoni?"

"Nisindikize. Na wengine wakikuuliza nilikuwa wapi leo, nilimsindikiza mpwa wangu."

Theluji ilikuwa inayeyuka Bi Prewitt alipolijaribu tena jina la Vernell. Safari hii lilirudi tupu, kama la mtoto aliyezaliwa jana. Akampa ufunguo. Vernell akaleta nguo zake katika mfuko mmoja, akapika mboga na mkate wa mahindi, akamlisha mama, akamfunga vifungo vya nguo ya kulalia. Nje jua likazama. Akasimama katikati ya chumba, koti mwilini.

"Nini?" mama akamwuliza.

"Sijui nifanye nini saa hizi."

"Hata mimi sijui. Kaa, unanizibia televisheni."

Akakaa. Mama alicheka jambo fulani kwenye televisheni, na Vernell akaangalia ni nini.