Mwaka 1913 na Babu Aliyejificha kwenye Tende

Niliondoka mjini kwetu Ibra kwa hasira, na sababu naitaja bila kuiremba. Jumatano mwanangu Salma, wa miaka tisa, alirudi kutoka shule analia. Mwalimu amewapa kazi: Jumapili, wiki ya shule ikianza, kila mtoto asimulie watu wake walikuwa wapi mwaka 1913, ule mwaka makabila ya Kiarabu ya bara yalipomchagua Imamu kule Tanuf, kisha yakaingia Nizwa na kuutoa mji mkononi mwa Sultani. Salma akaambiwa, "Wewe sikiliza tu. Nyinyi watu wa Zanzibar." Sisi? Kweli wazee wetu walihamia huku kutoka Unguja, lakini kwetu tangu nizaliwe nasikia kwamba babu yake bibi yangu aliingia Nizwa mwaka ule ule. Nikaapa huyo mwalimu nitamletea ushahidi.

Ijumaa, saa mbili asubuhi, tukatoka. Mimi kwenye usukani, nyuma Salma na mdogo wake anayenyonya.

Sinaw tulisimama kubadilisha nepi na kutia petroli. Salma akafanya mazoezi ya kisa chake. "Babu yetu alishika upanga."

"Paza sauti," nikamwambia. "Sema upanga uling'aa."

"Nani aliuona uking'aa?"

"Wewe sema tu."

Nizwa tulifika saa nne na nusu, kwa Bi Zuwena, dada wa marehemu bibi yangu. Amezaliwa Unguja na kulelewa nyumbani kwa babu huyo huyo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umenenepa. Ingieni."

Halua ikaliwa, kahawa ikanywewa. Nikamwomba amweleze mtoto babu alivyoingia Nizwa.

"Aliingia na mbuzi," akasema.

"Mbuzi, bibi?"

"Alikuja kuwauza sokoni. Bunduki zikalia. Mbuzi wakaenda zao, na yeye akaenda zake."

"Hakupigana?"

"Apigane na nini? Ana fimbo."

Akatuongoza hadi uani, kwenye chumba cha zamani cha udongo, tuone mahali kama pale alipojificha. Chumba cha tende: magunia yalikuwa yakipangwa hadi darini, yanagandamizana yenyewe kwa uzito, na asali inayotoka inapita kwenye vijifereji vya sakafu hadi kwenye mtungi. Babu alijipenyeza baina ya magunia kwenye nyumba ya mfanyabiashara mmoja, akalala humo mpaka mji ukatulia. Ilikuwa wakati wa joto. Alipotoka, kanzu imegandana naye, mkono haubanduki ubavuni.

"Nzi walimsindikiza hadi bandari ya Sur," akasema Bi Zuwena. "Huko ndiko alikopata chombo cha kumfikisha Unguja. Na tende hakuonja tena. Ramadhani nzima, mimi shahidi, watu wanafungulia tende, yeye anafungulia maji na kuzipa mgongo."

Nilijaribu kukasirika, wallahi. Lakini Salma alikuwa chini sakafuni anajishika tumbo, mdogo wake anacheka kwa kuwa dada yake anacheka, na Bi Zuwena anaigiza babu anavyotembea na mkono uliogandana. Nikashika ukuta. Nilicheka mpaka machozi.

Baada ya alasiri tukashika njia ya kurudi, na hapo ndipo hofu iliponiingia.

"Utasema upanga," nikamwambia Salma.

"Bibi kasema mbuzi."

"Watakucheka darasa zima."

"Nataka wacheke. Pale pa nzi."

Nikaendesha hadi tumeipita Sinaw. Nilikuwa namwona amesimama mbele ya watoto wa mashujaa, peke yake na mbuzi wake waliopotea. Kisha nikamsikia nyuma akimwigizia mdogo wake ule mkono. Nikamwambia haya, sema mbuzi.

Jumapili, adhuhuri, simu ikalia. Mwalimu.

"Mama Salma, haya ya mtoto ni kweli?"

"Kila neno, na kila tone la asali."

Akasema, "Babu wa babu yangu alikuwa miongoni mwa walioingia na bunduki."

Nikabana simu sikioni. Nikasikia pumzi zinamtoka puani. Mwanamke anazuia kicheko na hawezi.

"Basi mwalimu," nikasema, "usituite tena watu wa Zanzibar. Nyinyi ndio mliotupeleka."

Akacheka kwa sauti. Akaniomba radhi, akasema kesho Salma akarudie kisa darasa la jirani, wameshasikia habari za nzi.

Nimejifunza kuuliza kwanza, kisha ndipo nikasirike. Siahidi kama nitaweza.