Matusi Mbele ya Lango Letu

Mama yangu alikuwa hakimu. Mwaka ule utawala ulipoporomoka, alimfunga mkubwa mmoja wa chama cha siasa kwa kupora maduka. Tangu hapo vijana wa chama walikuja kila asubuhi nyumbani kwetu mtaa wa Bel-Air. Ushujaa wao wote ulikuwa kupaka mavi langoni na kumwita mama mchawi.

Siku moja mama alitoka na joho lake la mahakamani, akamuuliza kiongozi wao, "Munanitukana juu ya hukumu gani?"

"Sijue, mama. Balitutuma tu."

Mama akacheka, akapita katikati yao kwenda kazini. Kesho yake wakavunja madirisha. Yeye akaendelea kuhukumu.

Yule kiongozi wa vijana sasa ni mbunge. Juzi alilalamika redioni, karibu alie, eti wananchi hawamheshimu.