Mwaka Niliowauliza Wagombea Habari ya Ushuru

Mwaka ule wa uchaguzi mkuu, nyumba yetu pale Tunduma ilikuwa na vyama viwili na sufuria moja. Mume wangu alikuwa katibu wa tawi wa chama kimoja. Wifi yangu, dada yake wa tumbo moja, aliyekuwa akikaa nasi tangu aachane na mumewe, alikuwa wa chama kingine, tena wa kupiga vigelegele mpaka sauti inakauka. Walikula pamoja wakabishana pamoja, na asubuhi kila mtu akashika njia yake: mume wangu kwenye duka lake la spea za pikipiki karibu na stendi, mimi na wifi sokoni, kwenye meza yetu ya nafaka. Yeye alikuwa na mchele upande wa kulia, mimi na maharage yangu upande wa kushoto.

Mimi sikuwa na kadi ya chama chochote. Kwa kuwa mume wangu ni katibu, watu walinihesabu huko huko kwa mume wangu. Kila kampeni ililetwa kanga nyumbani, na kanga ni kanga, nilivaa nikiwa naosha vyombo.

Wiki zile sokoni hapakuwa na habari nyingine. Lakini niliona jambo moja: watu walibishana kuhusu vyama kwa kelele, na kuhusu ushuru kwa uchungu. Mama mmoja aliyeuza nyanya jirani yetu alisema, "Chama nilirithi kwa baba yangu. Ushuru nalipa mwenyewe." Muuza vitenge aliyekuwa akipokea wateja kutoka ng'ambo, wale Wazambia wanaotuita "bamayo", yaani mama, alimjibu kwamba bila kodi hakuna barabara, na bila barabara hakuna hao wateja.

"Barabara gani?" wifi akadakia. "Hii iliyojaa malori mpaka kuvuka na beseni kichwani ni kuomba Mungu?"

"Hiyo hiyo. Ondoa malori uone kama utauza."

Mimi nilikuwa napima maharage, nasikiliza. Kila mmoja alikuwa na haki kidogo, ndiyo maana mabishano hayakuisha.

Mimi mwenyewe sikuwa adui wa kodi. Nimezaliwa Ibaba, juu kule Ileje, ambako ukungu unaingia mpaka jikoni. Utoto wangu mwanamke akishikwa na uchungu usiku alibebwa kwa machela kushuka mlima, na wengine hawakurudi. Leo kuna zahanati, na mama yangu ametibiwa pale. Mtu akiniambia kodi zote ni wizi, namwona hajawahi kuishikilia machela.

Lakini kulikuwa na geti. Maharage yangu nayanunua Isongole siku ya mnada, na mara nyingine napanda mpaka Ibaba kwa ndugu zangu. Kule kule nalipa ushuru wa mazao, napewa risiti, naikunja naiweka kwenye leso. Msimu ule, tulipokaribia nyumbani, tulikuta kizuizi ambacho zamani hatukukijua. Kijana mwenye mashine ya risiti alituteremsha kwenye lori, sisi wanawake na mizigo yetu. Nikamwonyesha karatasi.

"Hii ni ya halmashauri ya kule," alisema. "Hapa unalipia ya hapa."

"Mwanangu, haya maharage yamevunwa mara moja."

"Mama, usinipotezee muda. Wenzako wanasubiri."

Nililipa. Nyuma yangu alikuwa mwenzangu wa siku nyingi, mwanamke anayeuza viazi, mjane, ambaye siku ile alikuwa na mzigo mdogo tu. Alilipa naye, kisha akakaa juu ya gunia lake kando ya barabara, akaweka mikono mapajani. Dereva akapiga honi, yeye hakunyanyuka. Nilipomfuata aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Safari hii nimewafanyia kazi wao. Mimi nimesindikiza viazi."

Angelia ningembembeleza, tukafika nyumbani, yakaisha. Hakulia. Ile sauti yake ya kawaida ndiyo iliyonikaa moyoni. Kabla lori halijaingia Tunduma nilikuwa nimeshaamua: mtu yeyote atakayekuja kuniomba kura mwaka huu, nitamwuliza habari ya geti.

Jioni ile, tukiwa kwenye ugali, mume wangu alisema mgombea wao anakuja Jumamosi.

"Nitakuja," nikasema. "Nina swali."

Akaacha kumega. "Swali gani?"

Nikamweleza. Akasikiliza vizuri, maana si mtu mbaya, kisha akasema, "Nipe mimi. Nitalifikisha kwenye vikao."

"Vikao vyenu vina masikio marefu na miguu mifupi," wifi akasema, akicheka.

"Wewe nyamaza." Akanigeukia. "Mke wa katibu asimame mbele ya halaiki amhoji mgombea wetu? Unataka kunivua nguo?"

"Kwani swali ni tusi?"

"Swali lina mahali pake."

"Mahali pake ni pale mtu anapoomba kura, baba watoto. Akishapata nitamwona wapi?"

Akarudi kwenye ugali wake. Wifi alipokuwa ananisaidia kutoa sahani alininong'oneza, "Mpasue!" Nikamwambia asifurahi mapema, kwa sababu na kwao nitakwenda. Alidhani natania.

Jumamosi uwanja ulijaa. Muziki ulipigwa mpaka kifua kinatetemeka. Maswali yaliporuhusiwa nilinyoosha mkono, na mshereheshaji akanipita. Nikanyoosha tena, akampa kipaza sauti mzee mmoja aliyeshukuru kwa ujio. Nikaona mkono hautoshi. Nikainuka, nikapita katikati ya watu mpaka mbele kabisa, nikasimama chini ya jukwaa. Watu wakaanza kusema, "Mpeni mama! Mpeni!" Akanipa.

Nilianza kwa kusalimia, na wengine wakacheka. Kiswahili changu kina Kindali, lugha ya kwetu Ileje, ndani yake, hakijawahi kutoka, na kwenye spika kilisikika zaidi. Nikasema nilichokuja kusema: kwamba tunalipa ushuru kule tunakonunua na tunalipa tena njiani kwa mzigo ule ule, kwamba sikatai kulipa mara moja, na nataka kujua ule wa pili wataufanyaje, na ule wa kwanza utatujengea nini.

"Mama yangu," mgombea akasema, akifungua mikono, "chama chetu kinawapenda sana akina mama!"

Vigelegele. Mpiga muziki akapandisha sauti. Kijana mmoja wa jukwaani akaja kuchukua kipaza sauti, nikakishika kwa mikono miwili.

"Nashukuru kwa kupendwa," nikasema muziki ulipopungua. "Nimeuliza ushuru."

Safari hii walicheka, lakini hawakunicheka mimi. Mgombea akanitazama kidogo, akaacha tabasamu. Akasema hana jibu kamili, kwamba hilo la kulipa mara mbili si sawa kama ndivyo lilivyo, na atalifuatilia. Yalikuwa maneno machache, lakini yalikuwa maneno ya mtu mzima kwa mtu mzima. Nilipogeuka nilimwona mume wangu jukwaani, amekaa viti vya nyuma, anatazama viatu vyake.

Siku kadhaa hakusema nami ila salamu na habari za watoto. Rafiki zake walimwambia amfunge mkewe mdomo. Hilo nilisikia kwa watu, yeye hakuniambia. Mimi nilimpikia, nikampigia pasi shati, nikaendelea na safari zangu. Iliuma. Sisi hatukuwa watu wa kununiana.

Sokoni asubuhi ya pili walikuja watu wa chama cha wifi, wawili, wamechangamka. Walitaka nipande jukwaani kwao. "Mama, wewe sasa ni wetu," mmoja akasema.

"Mimi ni wa maharage," nikamjibu. "Lakini mkutano wenu nitakuja."

Nilikwenda. Mgombea wao alikuwa mzungumzaji kweli kweli. Alisema wakiingia madarakani watafuta ushuru wote sokoni, wote njiani, magetini kote, na watu walirukaruka. Wifi alikuwa mstari wa mbele, kitambaa kichwani. Nilipopata nafasi nilisema, "Sijaomba ufutwe wote. Mkifuta wote, mwanamke akijifungua kule Ibaba, mkunga atalipwa na nani? Nataka kujua upi mtaacha na upi mtatoa."

Palizuka kelele. "Mtoeni!" Mwanamume mmoja akapaza sauti: "Katumwa na mumewe huyo, katibu!"

Nilikuwa natafuta pa kuangalia. Ndipo nikamsikia wifi yangu, ambaye uso wake tayari ulikuwa umekunjamana kwa hasira juu yangu, akigeuka kuwakabili watu wa chama chake mwenyewe.

"Hajatumwa!" alipiga kelele. "Kaka yangu hata kuongea naye haongei! Muacheni ajibiwe!"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Mgombea naye alicheka, akasubiri, akasema la zahanati ni kweli lazima lipigiwe hesabu, na kwamba wao wangeanza na ushuru unaotozwa mara mbili. Hakusema tena kufuta wote, angalau siku ile. Tuliporudi nyumbani wifi alitembea mbele yangu njia nzima bila kugeuka. Tulipofika mlangoni akasema, "Umenivurugia mkutano." Nikamwambia, "Asante kwa kunisemea." Akaingia ndani.

Hivyo kwa wiki nzima nilikuwa na nyumba isiyosema nami. Nilifikiria kuacha. Lakini sokoni mambo yalikuwa yamegeuka. Muuza nyanya alimwuliza swali lile lile mgombea udiwani aliyepita mezani kwake kugawa vipeperushi. Muuza vitenge akauliza lake la choo cha soko. Mjane wa viazi, ambaye hakuwa amewahi kusema mbele ya watu hata kanisani, alisimama kwenye mkutano wa mtaa akauliza habari ya geti kwa Kinyiha, akatafutiwa mkalimani. Ningewezaje kurudi nyuma mbele ya huyo?

Kisha shangazi yangu alifariki kule Ibaba. Mume wangu alifunga duka tukaenda kuzika, maana msiba hauna kununiana. Kurudi, mama yangu alitupatia maharage ya chakula na mahindi kidogo ya watoto. Getini tukashushwa. Mume wangu alieleza kwamba haya si ya biashara. Kijana akatikisa kichwa. Mume wangu akajitambulisha, cheo na tawi.

"Kila mtu na cheo chake, baba," kijana akasema bila ubaya. "Mzigo ni mzigo."

Akalipa. Tulikwenda tukitazama mashamba ya kahawa yakipita.

"Ndivyo huwa?" akaniuliza.

"Ndivyo huwa."

"Kila safari?"

"Kila safari."

Akapangusa uso wote kwa kiganja. "Mimi nilifikiri unazidisha chumvi," akasema. Kisha, "Samahani, mama." Kikao cha chama kilichofuata alisimama mwenyewe kulisema jambo lile, na nilisikia kwamba hakukaa mpaka liliposikilizwa. Naye akaambiwa katumwa na mkewe.

Siku ya kupiga kura tulikwenda watatu. Wifi alikuwa mbele yangu, mume wangu nyuma. Nilikaa kwenye kile kichumba cha kadibodi muda mrefu kuliko kawaida yangu. Miaka mingine nilikuwa nachora alama haraka, kama mtu anayerudisha kanga aliyopewa. Mwaka ule nilisoma kila jina, nikakumbuka kila jibu nililopewa, nikachagua. Njiani mume wangu aliniuliza nimempa nani. Nikamwambia nimempa aliyenijibu vizuri zaidi. Wifi akasema, "Basi ni wetu." Mume wangu akasema, "Hapana, ni wetu." Niliwaacha waendelee.

Aliyeshinda alishinda. Baada ya masika, kwenye geti lile palibandikwa tangazo kwamba risiti ya wilaya nyingine inatambuliwa kwa maharage na mahindi. Viazi havikutajwa. Mwezi huo huo ushuru wa meza pale sokoni ulipanda, ikasemwa ni kwa ajili ya choo na paa. Wapo walionilaumu: ungenyamaza, wasingetukumbuka. Niliwaambia kwamba angalau sasa tunajua cha kudai.

Kwa hiyo kikao cha madiwani kilipofunguliwa kwa wananchi tulikwenda, mimi, wifi, muuza vitenge na mjane wa viazi. Sikuwa nimewahi kuingia ukumbi ule. Tulikaa benchi la nyuma, tumejipanga na vitenge vyetu vya kanisani, tukasikiliza mpaka habari ya soko ilipofika. Diwani wetu alitutaja. Ramani ya choo ilionyeshwa. Mjane aliruhusiwa kusema habari ya viazi, naye alisema kwa Kiswahili, polepole, na katibu wa kikao akaandika.

Tulitoka juani. Wifi alinunua hindi la kuchoma, akalivunja, akanipa kipande kikubwa, na tukashuka barabarani tukibishana kama choo kikae upande wa mchele au upande wa samaki.