Tambi za Dada Paskalina

Enzi zetu chakula hakikupigwa picha. Ulikiombea, ukanawa, ukala haraka kabla mwenzako hajafikia nyama. Kijana wa leo anainamia sahani na simu yake mpaka mchuzi unaganda, halafu analalamika kwamba chakula kimepoa! Haya, tuwaache, wana mambo yao.

Nakumbuka miaka ile ya ruksa, milango ya biashara ilipofunguliwa. Maduka ya mtaa wetu wa Mwembesongo, ambayo sisi watoto tuliyazoea yakiwa na viberiti na vumbi, yalijaa ghafla jamu, sabuni za kunukia na pakiti za tambi ndefu. Haikupita miezi, kila mtu mjini akawa mtaalamu wa vitu vya nje. Dada yangu Paskalina ndiye aliyekuwa kinara wao. Alisomea upishi kwa masista, na huko mwalimu mmoja Mmarekani alimfundisha kupika tambi kwa kamba wa baharini na malai, akampa na kichupa cha viungo vyekundu vya pilipili vya kwao Luiziana.

Basi wakwe walipoleta habari kwamba wanakuja kutoka Turiani kumposa, Dada akatangaza kuwa atawapikia tambi hizo. Mama akamwambia, "Mkwe halishwi majaribio. Pika ugali na jogoo." Hakusikia. Kamba walikuja na basi la Dar, ndani ya ndoo ya barafu, nami nikapewa kazi ya kuwamenya. Nilipiga ishara ya msalaba kabla ya kumshika wa kwanza. Dada akakaanga kitunguu saumu kwenye siagi, akatia kamba na vile viungo, kisha malai aliyoyakusanya siku nne juu ya maziwa. Harufu ilivuka ua, na majirani watatu wakakumbuka kuja kuazima chumvi.

Lakini mwenye neno hakuwa mama wala baba. Kwetu Waluguru, binti haozwi bila mjomba. Mjomba Deo alishuka kutoka Mgeta juu ya lori la kabichi, uso ameukunja, akasema wazi kwamba hamtaki mwalimu wa bondeni. Mwalimu huyo ndiye Festo, mposaji mwenyewe. Dada aliniambia jikoni huku akilia, "Akikataa Mjomba, basi tena." Nilimwonea huruma mpaka nikasahau kuiba kamba.

Sinia likawekwa mkekani, tukanawa. Mjomba akatia mkono wa kwanza, akatafuna polepole. Yeye tambi alizijua kwa majirani zetu Waislamu, sikukuu ya Idi: tamu, zenye nazi na iliki. Akaamini kwamba mpwa wake amewabania wakwe sukari, na hiyo ni aibu ya ukoo mzima! Ili kumsitiri, akavuta mfuko wa sukari walioleta wageni wenyewe kama zawadi, akamimina juu ya kamba, malai na pilipili, akachanganya kwa mkono wake.

"Karibuni, wakwe," akasema. "Watoto wa siku hizi wanasahau."

Nani angekataa kilichochanganywa na mkono wa mkubwa? Baba yake Festo alionja mara mbili, akasema ameshiba tangu Turiani. Shangazi yake aliomba maji, akaomba tena maji. Festo alikula. Alikula jasho likimtoka, akamsifu mpishi, akaendelea mpaka maua ya sinia yakaonekana. Nyuma ya pazia Dada alikuwa ameng'ata kanga yake.

Mjomba akanawa, akamgeukia kijana yule.

"Mpishi tutamfundisha," akasema. "Mume tumepata."

Siku hizi Mjomba Deo amelala kaburini kule Mgeta, na mjomba wa watoto wa Paskalina ni mimi. Miezi michache iliyopita binti yake mkubwa, anayekaa Kihonda, alinitumia picha ya sahani mbili za tambi za kamba, zimepambwa kwa majani, na mkono wenye pete. Chini ameandika, "Anko, nimechumbiwa!" Nilimpongeza, ningefanya nini? Kisha nikapiga pasi koti langu, nikanyoa ndevu, nikawa nashinda nyumbani kila Jumapili, maana wakwe wanaweza kufika wakati wowote kutaka neno la mjomba.

Jana ilinifikia kadi ya harusi. Jina langu limeandikwa kwa wino wa dhahabu, miongoni mwa wageni waalikwa.