Mtungi wa Jikoni Ndani ya Gari la Baba

Mwanangu, bado hujazaliwa, na mimi bado niko kidato cha tatu, lakini nakuandikia sasa kabla hasira haijapoa. Naikumbuka Jumamosi ile tulipotoka Pap Onditi na gari la Baba, tukipeleka nyanya za kuuza sokoni Kisumu.

Wiki hiyo fundi mmoja alikuwa amefunga mtungi wa gesi ya kupikia nyuma ya gari, akauunganisha na injini kwa mpira wa jiko la gesi. Baba alikuwa amesikia kwamba kuna magari yanayotumia gesi asilia badala ya petroli. Ni kweli, yapo. Fundi akamwambia, "Mzee, gesi ni gesi."

Nilikuwa nimesimama pale. Mwalimu wa kemia alishatufundisha: gesi asilia ya magari hushindiliwa ndani ya tangi nene lililopimwa. Ya jikoni ni nyingine kabisa, nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia chini ikingoja moto. Nilijua! Lakini mimi ninayetetemeka hata kujibu swali darasani, nimkosoe fundi mbele ya wanaume? Nikanyamaza.

Tulipofika Katito nikaanza kusikia harufu. Nilikuwa nimempakata mdogo wangu Akinyi, amelala. Nikafungua dirisha kidogo, basi. Karibu na Ahero Baba akasimama kununua mahindi ya kuchoma, hatua chache tu kutoka kwenye jiko la makaa. Nyanya yangu, tunayemwita Dani, alikuwa akisinzia mbele. Akashtuka.

"Nini inanuka? Zima gari! Tokeni wote!"

Akanyakua ndoo ya maji ya muuza mahindi, akalimwagia jiko.

"Mama mzee, umerogwa?" muuza mahindi akafoka. Kisha harufu ikamfikia, akakimbia kutushinda sote.

Dani akanigeukia. "Wewe unayesoma, hukusikia?"

"Nilisikia, Dani. Tangu Katito."

"Tangu Katito! Na mtoto yuko mapajani? Hiyo haya yako ilitaka kumzika nani?"

 Baba akampigia fundi simu, naye akatufuata akicheka. "Hata jikoni inanukanga kidogo, Mzee."

Nikasema, midomo ikicheza, "Huo mtungi si wa gari. Nani aliupima?"

"Sasa msichana wa shule atanifundisha kazi?"

"Jibu swali lake," Baba akasema.

Fundi akacheka tena. Baba akamwamuru aung'oe mtungi kwenye gari na aondoke nao. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko, damu inanichemka.

Mwanangu, siikatai gesi. Lakini kabla hujaiweka kwenye gari lako, uliza ni gesi gani, tangi lilipimwa na nani, na ikiisha utajaza wapi, maana huku kwetu mimi sijaona pa kujazia. Mtu akikucheka kwa kuuliza, usipande gari alilolitengeneza. Na ukijua jambo, liseme siku hiyohiyo, hata kwa sauti ya kutetemeka.

Mungu akulinde barabarani. Akupe pua kali na mdomo usiochelewa, na wote unaowapakata wafike nyumbani wakiwa hai.