Seli za Jumapili

Saa mbili asubuhi, Mama Seli anamimina klorini kwenye chupa ya kwanza. Maji ya rangi ya waridi yaliyomo yanageuka zambarau, kisha yanapoteza rangi kabisa. Anachukua chupa ya pili. Miaka miwili ya kazi inaishia kwenye sinki.

"Pole, Mama Seli," anasema fundi wa maabara, bila kumtazama usoni.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wenzake wa uzamivu katika sayansi ya tiba. Seli hai hazijui sikukuu. Zisipobadilishiwa chakula zinakufa. Zamu ya Jumapili, ambayo kila mtu huikwepa, aliibeba yeye, akijaribu dawa kwenye seli za saratani ya ini.

Ugonjwa huohuo ndio uliomlaza baba yake, fundi cherehani mstaafu. Mzee huwatambia majirani: "Binti yangu anaipika dawa yangu. Bado chumvi tu."

Mwezi uliopita, kabla ya kuandika tasnifu, alipeleka seli zake zipimwe asili. Majibu yalionyesha kuwa zilikuwa za pafu. Chupa aliyorithi kwa mwanafunzi aliyemtangulia ilikuwa imebandikwa jina lisilo lake.

"Nilitakiwa kupima siku ya kwanza. Kosa ni langu, simsingizii mtu," anasema Mama Seli.

Mwenzake mmoja alimshauri apige kimya, avae joho, aende zake. Hakuweza. Alimweleza msimamizi wake, akaambiwa aanze upya.

Lakini kumwambia baba ndiko kulikomtesa. Alikaa kando ya kitanda, akaeleza yote.

"Kwa hiyo zile ulizokuwa ukizilisha kila Jumapili, ukashindwa kuja nyumbani, si za ini?" mzee aliuliza.

"Hapana, baba. Ni za pafu."

"Haya. Walau zilishiba."

Binti alicheka, kisha akalia mpaka shuka likalowa.

Seli mpya zimeagizwa. Zikifika, atazipima kabla ya kuzigusa. Dawa, anakiri, haitamwahi baba yake.

"Labda itamwahi baba wa mwingine," anasema, akifunga mfuko wa taka.

Zamu ya Jumapili amemwachia fundi wa maabara.

"Jumapili naenda kumlisha mzee supu. Siku hizi anakula vijiko vitatu, akijitahidi vinne."